Tanga Katikati ya Watazamaji

Safari hii aliianzisha mama yangu kwa maneno matatu tu, na kwa siku kadhaa nilimnunia kwa sababu yake.

Kazi yangu ni kupanga jukwaa. Mwandishi huandika, waigizaji huigiza, mimi ndiye ninayeamua mtazamaji aketi wapi, aone nini na afichwe nini. Wako wanaodhani ni kazi ya kupigilia misumari na kutundika mapazia. Waache wadhani. Kikundi chetu hapa Mombasa kilikuwa kimecheza mchezo kuhusu siku wazazi wetu walipokihama kisiwa cha Koyama, kusini mwa Somalia, vita vilipoingia mwaka wa tisini na moja. Mama ni mzaliwa wa Koyama, na mimi nilitolewa huko nikiwa mgongoni mwake. Hadithi yenyewe ni yake. Wanaume walikuwa dago, wamepiga kambi ya uvuvi visiwa vya mbali, na habari za vita zikawafikia wanawake peke yao. Pwani palikuwa na mashua kubwa imepandishwa mchangani. Wanawake wakaita watu waje kuishua, kuiteremsha majini, wakaita tena, hakuna aliyekuja. Wakaiacha pale, wakaondoka kwa mitumbwi midogo, wengine wamekalia vyungu vyao.

Kilele cha mchezo wetu kilikuwa wito huo. Mwigizaji anasimama kando ya mashua na kuita mara tatu, nami nimezima taa zote isipokuwa moja, ukumbi mzima kimya. Ule ukimya niliutengeneza kama fundi anavyotengeneza kufuli. Watu walitokwa na machozi, na mimi, sisemi uongo, nilijiona. Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akakaa kitandani, akasema, "Mmecheza vizuri, binti yangu. Lakini wale si sisi."

Nilimuuliza kimekosekana nini. Akasema hajui kukieleza, mwenye elimu ya majukwaa ni mimi. Nikamsukuma mpaka akachoka na mimi. "Kauchezeni Koyama," akasema. "Wakiukubali wale kuwa ni wao, na mimi nitaukubali kuwa ni sisi."

Basi nikafunga safari. Waigizaji wetu wa Mombasa hawakuweza kuja, nusu yao hawana hata pasi. Lakini Kismayu kuna kikundi cha vijana wa Kibajuni, watu wa visiwa vyetu, niliokuwa nikizungumza nao kwa simu miezi mingi, na walikuwa wameshaushika mchezo wote kwa kutazama video zetu. Aliyeshika nafasi ya mwanamke wa wito ni msichana aitwaye Saada. Sauti yake hata kwenye simu mbovu ilikuwa inanisimamisha nywele.

Nairobi, alfajiri. Ndege ya Kismayu ilijaa wafanyabiashara na kina mama waliobeba vitu ambavyo hakuna mzani ungevikubali kwa uaminifu. Jirani yangu alikuwa mama wa Kisomali mwenye thamosi ya chai ya viungo. Alipojua ninakwenda kuonyesha mchezo wa kuigiza alinitazama kwa huruma, akanimiminia kikombe cha pili. Nikamwambia kwa Kisomali changu cha kuokoteza kwamba kwetu ndiko huko, visiwani. Hapo huruma ikamtoka, akataka kujua kwetu kisiwa gani.

Kismayu, adhuhuri. Jua la pale halina adabu. Lali, kiongozi wa kikundi, alikuja kunipokea na bajaji iliyofunikwa maua ya plastiki. Ni kijana mrefu, mpole, mchana ni kuli bandarini na jioni ni mwigizaji. Katika mchezo yeye ndiye mume aliyekwenda dago. Njiani aliniongelesha Kibajuni, akamtukana dereva mwenzake kwa Kisomali, akanisomea maneno yake ya mchezo kwa Kiswahili cha vitabuni, yote bila kupumua. Nilikaa nyuma nikitabasamu peke yangu. Mombasa tulizoea kuambiwa Kibajuni kinakufa, na hapa nilikikuta kinagombania njia na malori.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alasiri. Nilipofika kwa kina Saada nilimkuta baba yake, Mzee Kombo, ananingoja barazani. Ni baharia wa zamani, ndevu zimetiwa hina, ameketi wima kabisa. Alinikaribisha vizuri, nikaletewa anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na samaki, na nilipokwisha nawa mikono ndipo akasema lake. Binti yake ana kipaji, hilo halikatai. Lakini mwanamke kusimama mbele ya wanaume wageni, anaita na kulia, wao wamekaa wanamtazama, hilo hakubaliani nalo. Kama nitapata njia ya kucheza asionekane na mwanamume yeyote, sawa. Kama sina, Saada habanduki hapo.

Roho ilinipanda. Mimi si mtu wa kunyamaza, na nilianza kumweleza habari za sanaa, macho, mwanga, mpaka nikajisikia nachosha. Mzee alinisikiliza kwa heshima zote, hakusogea hata inchi. Bila Saada hapakuwa na mchezo. Hakuna mwingine aliyejua maneno yale, na mimi nisingeweza kurudi kwa mama na kumwambia tulishindwa kwa sababu ya macho ya wanaume.

Aliyetutoa hapo ni Saada mwenyewe, kutoka ndani. "Baba, kwenye harusi si hutiwa pazia, wanawake huku, wanaume kule? Na mchezo utiwe pazia."

Nilitaka kucheka. Mchezo gani huo ambao nusu ya watu hawauoni? Halafu kitu kilinigonga. Ile siku yenyewe nani aliiona yote? Baba yangu alikuwa dago, hakuona kitu. Mama alikuwa kisiwani, hakujua ya dago. Miaka yote hii kila mmoja wao anayo nusu yake. Mimi, kwa taa zangu, niliwapa watu wa Mombasa vyote viwili kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mtu wa Koyama aliyewahi kulipata.

Nikamwambia Mzee Kombo nakubali. Wanawake wataketi upande mmoja na Saada atachezea huko. Wanaume wataketi upande wa pili, na Lali na wenzake watachezea huko. Katikati patakuwa na tanga. Kila upande utaona wa kwake na kusikia wa wenzao. Mzee alifikiri, akauliza, "Na kivuli? Jua likimpiga mtu, kivuli chake huonekana kwenye tanga." Swali la mtu wa jukwaa hasa. Nikamwapia kwamba jua litakuwa nyuma ya wanaume, kwa hiyo vivuli vya wanaume vitaonekana na wanawake, lakini cha mwanamke hakitafika kokote. Akasema na yeye atakuja Koyama, aketi mbele kabisa, ahakikishe.

Asubuhi iliyofuata tulipakia boti ya mashine: waigizaji, tanga kuukuu la kuazima, mbuzi ya kukunia nazi, sufuria, na Mzee Kombo na mswala wake. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo na nilitapika mbele ya vijana niliokuja kuwafundisha. Saada alinishika kichwa, akasema mtoto wa Koyama anatapika kama mtu wa bara.

Koyama, kabla ya adhuhuri. Sijui nilitegemea nini. Nilikuwa na umri wa kubebwa nilipoondoka, hakuna nilichoweza kukikumbuka. Lakini niliposhuka, maji yakinifika magotini, mwanamke mmoja mnene mwenye leso ya rangi ya manjano alinitazama usoni na kulitaja jina la nyanya yangu. Hakuuliza. Alilitaja tu, kama mtu anayesoma kibao. Huyo ndiye Bi Mwanaisha, mwenyeji wetu. Alinikumbatia nikiwa nimelowa vilevile, akasema, "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Nililia, na sioni haya kusema. Kisha akanipeleka kwake kunilisha mkate wa mofa na supu ya samaki mpaka nikaomba msamaha.

Baada ya chakula tulikwenda pwani ya upande wa machweo, inayotazama bara, kutafuta mahali pa kuchezea. Niliota jukwaa lenye mashua, na mashua ilikuwepo, tena kubwa: ya shemeji yake Bi Mwanaisha, imetoka kuzibwa nyufa kwa kalafati na kupakwa sifa, inanuka mafuta ya papa mpaka msikitini. Ilikuwa juu ya magogo, omo lake, ile pua ya mbele, limeelekea baharini, inangoja kushuliwa. Mwenyewe alikubali kungoja siku moja zaidi kwa ajili ya mchezo.

Nikapanga hivi. Tanga tulilitandaza kuikata mashua katikati, sambamba na maji. Omo likabaki upande wa bahari, kwa wanaume. Tezi, sehemu ya nyuma, likabaki upande wa nchi kavu, kwa wanawake. Kisiwani hapakuwa na boriti ndefu za kutosha kulishika tanga katikati, kwa hiyo ncha mbili nikazifunga kwenye miti miwili na katikati nikalifunga kwenye mlingoti wa mashua yenyewe. Lali alilitazama lile fundo muda mrefu. Nikamuuliza ana neno? Akasema hana, mimi ndiye fundi.

Wakati wa kucheza waliuchagua wao: baada ya sala ya alasiri, maji yakiwa yanajaa. Nilishtuka, wanaume watakaa chini kule na maji yanawafuata? Bi Mwanaisha akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama chumvi ina ladha. "Waliokuwa dago, bahari haikuwa nyuma yao?" akasema. Mwanamke yule hajaingia ukumbi wa maonyesho maisha yake, na alikuwa ameushika mpango wangu akaupeleka mbele. Nilimjivunia sana, kana kwamba nilimzaa mimi.

Alasiri ikafika, na watu wakafika. Ilikuja hata boti kutoka Chovai, kisiwa jirani, wakadai wamekuja kuhakikisha watu wa Koyama hawajipambi kwa hadithi za wenzao. Wanawake wakajaza upande wao, na wanaume wakaketi mchangani, migongo baharini. Mzee Kombo mbele kabisa, wima, kama alivyoahidi. Mimi nilisimama kwenye mti mmoja mwisho wa tanga. Pale tu ndipo mtu angeweza kuona pande zote mbili.

Mchezo ulianza upande wa wanawake, na ulianza kwa sauti. Saada aliketi juu ya mbuzi na kukuna nazi. Upande wa pili wanaume hawakuona kitu ila tanga jeupe, lakini ile sauti kila mmoja wao anaijua tangu utotoni, ni sauti ya nyumba iliyotulia. Wakalegea, mmoja akajiegemeza kwa kiwiko. Halafu Saada akaacha kukuna, katikati ya kifuu. Wanaume wote wakanyanyua vichwa kwa pamoja.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimechezea taa za kila rangi, na sijawahi kuwashika watazamaji namna ile. Walikuwa wakimtafuta kwa masikio. Walisikia komeo, sufuria ikianguka, sauti za wanawake wakiulizana habari, mtoto akibembelezwa kwa haraka. Hawakuweza kufanya kitu, na mzee mmoja alikuwa anazungusha kofia yake mikononi bila kujijua. Upande wa wanawake nako vivuli vya Lali na wenzake vilikuwa vikubwa juu ya tanga, wanakula, wanataniana huko dago, wanacheka. Mwanzoni wanawake walicheka nao. Kisha Saada akaanza kufunga vitu vyake mbele ya vivuli hivyo vinavyocheka, na kicheko kikawakauka. Mwanamke mmoja mtu mzima akasema polepole, hakumwambia mtu, "Kumbe walikuwa hawajui." Nusu ya umri wake, nadhani, alikuwa akidhani walijua.

Ndipo tukafika kwenye wito. Saada akatoka nyumbani pake pa kuigiza, akaja mpaka kwenye tezi, akaweka kiganja juu ya mbao. Nikausubiri ule ukimya wangu.

"Mikono, jamani," akaita. "Mikono!"

Mombasa, hapo ndipo watu walipotoa leso zao wakafuta macho. Koyama, kabla hajaita mara ya pili, shemeji yake Bi Mwanaisha alikuwa ameshasimama. Sikudhani kitu, nilidhani miguu imemfa ganzi. Wa pili akasimama, wa tatu, na mara upande mzima wa wanaume uko wima unakunja vikoi. Pale kisiwani mtu akiita mikono kwenye chombo, huulizi ni nani wala kwa nini, unaacha hata sahani ya wali. Wito ule hauna toleo la mchezo. Lali, aliyetakiwa kuwa mbali dago, alitupa chakula chake cha kuigiza na kushika omo pamoja nao.

Nilipiga kelele wakae. Nani alinisikia? Maji yalikuwa yamefika, magogo yako tayari, mashua inang'aa mafuta. Wakavuta kamba za omo kwa pamoja na mashua ikaenda. Hapo nikalikumbuka fundo langu la mlingotini. Kamba za miti miwili zikakatika, moja baada ya nyingine, na tanga zima likaondoka na mashua kuelekea baharini.

Lahaula. Nilimtazama Mzee Kombo badala ya kutazama mchezo. Nilikuwa nimemwapia, na sasa wanaume wa visiwa viwili walikuwa uso kwa uso na upande wa binti yake.

Lakini upande wa wanawake hapakuwa na mtu aliyeketi. Nao waliusikia wito, na wao ndio waliokuwa karibu na tezi. Walikuwa wameinama wote, leso zimetupwa vichwani na kufungwa kwa haraka, mabega yamebana mbao, wanasukuma. Saada alikuwa humo. Mimi niliyempanga, niliyemvalisha kwa mikono yangu, sikuweza kumtambua katika migongo ile. Wanaume wakavuta, wanawake wakasukuma, na mashua ikateremka mchanga wote ule, ikaingia majini, ikaelea. Kelele iliyopigwa siwezi kuiandika. Bi Mwanaisha aliingia baharini na nguo zake mpaka kiunoni.

Mchezo ulikuwa na kurasa nyingine baada ya hapo. Hakuna aliyeuliza habari zake.

Nilimfuata Mzee Kombo nikiwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi. Nilimkuta amesimama ndani ya maji, kikoi kimelowa, viganja vyekundu kwa kamba. Na yeye alivuta. Nikaanza, akaniinulia mkono.

"Binti yangu sikumuona," akasema. "Niliwaona watu wanashua chombo." Akatazama mashua, akaongeza kwamba mara nyingine fundo nilifunge mahali pengine.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Asubuhi Bi Mwanaisha alinipa samaki wakavu wa mama, tanga tukalikuta limekwisha oshwa na kukunjwa. Watu wa Chovai walituma ujumbe kwamba na kwao ipo mashua. Kwenye boti Saada hakunitania tena, alinilalia begani akasinzia, na baba yake akamfunika kwa mswala wake. Ndani ya ndege nilikaa dirishani nikitazama visiwa vikipungua, na sikumbuki lini nimewahi kujivunia kazi iliyoniharibikia namna ile.

Nilichojifunza kitanisumbua kazini muda mrefu. Nilikuwa nikiamini ufundi wa jukwaa ni kuwafanya watu wakae kimya na kutazama. Tanga lilinionyesha kwamba anayenyimwa kuona husikia zaidi, na aliyezungukwa na maji yake na mbao zake si mtazamaji tena, ni mwenyeji. Kule Mombasa niliwaweka watu kwenye viti, mwanamke akaita mbele yao, wakakaa. Nami nikaupamba ule ukaaji wao kwa taa.

Mombasa, magharibi. Mama alikuwa jikoni. Aliwanusa samaki kabla hajanisalimu, akajua ni wa wapi, akavuta kigoda. Nikamweleza yote kwa mpangilio: Mzee Kombo, pazia, tanga, mbuzi ya nazi, vivuli. Alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipofika kwenye wito mikono yake ikasimama.

"Wakainuka?"

"Wakainuka, mama. Wote."

"Na mashua? Ilifika majini?"

"Ilifika. Ilielea."

Mama aliutua ungo chini. Alikaa hivyo akiwa ametazama mlangoni, macho yamemjaa, uso wake mzima unacheka.

"Basi hao," akasema, "hao ndio sisi."